Kelele ya Baiskeli ya Baba Brayo

Mzee Ouma alipofariki, binti yake alinipigia simu akaniomba ukurasa mmoja wa kusomwa kwenye ibada, kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani. "Achieng', wewe ndiye ulikaa na yeye sana pale kibandani," alisema. "Andika tu vile alikuwa anatengeneza baiskeli. Usiogope Kiswahili." Nilikubali kwa sababu sijui kukataa. Mimi huandika polepole. Niliachia darasa la nane, na mkono wangu ulizoea spana kuliko kalamu. Sentensi moja inaweza kunichukua muda wa kuchemsha chai, kuinywa na kuosha kikombe. Ukurasa wa kwanza ulienda vizuri. Niliandika jinsi Mzee alivyoinamisha kichwa akisikiliza gurudumu, na jinsi alivyomkataza mtu yeyote kuongea wakati huo, hata mteja mwenyewe. Kisha nikageuza ukurasa ili nitoe mfano wa baiskeli moja, na mfano uliokuja kichwani ulikuwa wa baiskeli ya Baba Brayo, jirani yangu wa zamani. Kazi ile hakuifanya Mzee. Niliifanya mimi. Nikafunga daftari.

Ijumaa, siku moja kabla ya ibada, nilienda Kibera kwa huyo binti kusaidia kupika. Akina mama walikuwa wameketi uani juu ya mitungi ya maji iliyolazwa, wakikata sukuma wiki, na mmoja aliyefunga kitambaa cha kijani alikuwa anawapigia hadithi kisu kikiwa hewani. "Sasa mimi nasikiliza kama kawaida," alisema. "Baiskeli ya huyo mwanaume ilikuwa inalia mpaka mtu wa ploti ya pili anajua amefika. Siku hiyo, kimya. Nainua macho hivi, yuko mlangoni! Mnajua alifanya nini? Aliibeba begani kutoka barabarani, kama mbuzi wa Krismasi, ndiyo nisisikie!" Wakaangua kicheko. "Woi, mwanaume wa nguvu!" mmoja akasema. "Si angekubeba wewe," mwingine akamjibu, "uone raha!" Mwenye hadithi aligeuka kufuta machozi ya kicheko, akaniona. Alikuwa Mama Brayo. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi na miwili. Alinishika mashavu kwa mikono yenye majimaji ya mboga. "Achi! Mwalimu wangu!" Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye alikuwa ananifunza kusoma. Mwulizeni kama nadanganya, mwulizeni!" Wote wakaniangalia. Nikasema, "Ni kweli," nikacheka pamoja nao. Kisha nikachukua kisu nikaketi, nikakata sukuma nene hivi kwamba mama mmoja aliniuliza kama napikia ng'ombe.

Baba Brayo hakuibeba baiskeli begani siku ile. Ile ilikuwa baiskeli nyeusi nzito, aina ambayo watu huita Mamba, na nyuma ilikuwa na sanduku la mbao la kubebea mikate. Hakuna mtu angeibeba hata hatua ishirini. Aliiendesha mpaka mlangoni, na haikulia, na mimi najua kwa nini haikulia.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa na chumba changu Kongo, pale Kawangware, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana. Kati yangu na Mama Brayo palikuwa na bati moja tu. Nilijua wanapika nini kabla hawajapakua, na nadhani wao pia walijua kwangu ni dagaa wa omena tena. Baba Brayo alitoka alfajiri kuchukua mikate na kuisambaza kwenye vibanda, na alirudi saa yoyote aliyomaliza: mara saa nane mchana, mara saa kumi na moja. Yeye hakuwa mtu wa kelele. Aliwasalimia watu, aliwaletea watoto wa ploti mikate iliyobonyea. Lakini ndani ya kile chumba kulikuwa na mambo ambayo hayakuruhusiwa, na moja lilikuwa kitabu. Nilimsikia kupitia bati zaidi ya mara moja, kwa sauti ya chini kabisa: "Mwanamke mzima anataka kusoma nini, kama si simu yangu?"

Mama Brayo hakutaka simu yake. Alitaka kusoma somo la Biblia. Katika jumuiya yao ya kanisa, wanawake walikutana Jumapili mchana nyumbani kwa mmoja wao, na kila wiki mmoja alisoma kwa sauti. Zamu ilipomfikia yeye, alipapasa mkoba akasema, "Haki nimesahau miwani." Alisema hivyo mpaka wakaanza kumhurumia, na mama mmoja akajitolea kumpeleka kupimwa macho. Alipoogopa kugunduliwa, alienda sokoni akanunua miwani ya mtumba ambayo hata hakuihitaji, ili siku nyingine awe na miwani ya kusahau. Aliniambia hayo akiwa amekaa kitandani kwangu, miwani hiyo puani, akiniangalia kama bundi, na tulicheka mpaka jirani akagonga bati. Kisha akaivua miwani akasema, "Achi, wewe hukuenda mbali na shule, lakini unajua. Nifunze. Mwisho wa mwaka zamu yangu inarudi. Mara moja tu, nisome kama watu."

Basi tulianza. Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi, Mzee aliniruhusu kutoka kibandani, nami nilipita kwa Mama Brayo badala ya kwangu. Mwanga wa chumba chake uliingia kwa mlango pekee, kwa hiyo tuliuacha wazi, pazia likiwa limefungwa fundo. Alikuwa na kitabu cha darasa la pili cha Brayo, na mimi nilimnakilia somo la zamu yake kwa herufi kubwa katika daftari, mstari mmoja kwa siku. Alisoma akiweka kidole chini ya neno na hakukiondoa mpaka neno liishe, kama mtu anayeshikilia kuku miguu asitoroke. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya githeri ya mahindi na maharagwe iliyochemka polepole, na chini ya kochi kulikuwa na karai la nguo chafu. Kazi ya karai ilikuwa moja. Tuliposikia sauti kutoka kona ya choo, kwii-cha, kwii-cha, kitabu, daftari na miwani vilizama chini ya nguo, nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikiomba chumvi. Tangu sauti ianze mpaka gurudumu lifike, tulikuwa na muda wa kutosha, hata wa kucheka. "Hiyo baiskeli ni mbwa wangu," Mama Brayo aliniambia. "Inabweka mapema." Baba Brayo alifika akanikuta na kijiko cha chumvi mkononi. "Achieng', wewe hununui chumvi?" "Imeisha, Baba Brayo." Imeisha kila Jumanne na kila Alhamisi.

Sauti hiyo ilikuwa imewashinda mafundi watatu. Mmoja aliijaza grisi kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma. Wa pili alibadilisha gololi zote. Wa tatu aliuza cheni mpya. Baiskeli ilinyamaza siku mbili ikaanza tena, na Baba Brayo alichekwa kote alikopeleka mikate. Wenye vibanda walimwita Kwii-cha, na watoto walimkimbilia wakiiga. Alhamisi moja, ikiwa imebaki wiki tatu kabla ya zamu ya Mama Brayo, Baba Brayo aliileta kibandani kwetu baada ya chakula cha mchana. Mzee Ouma alikuwa amelala kwake kwa maumivu ya mgongo, ameniachia kibanda. Palikuwa na watu wanne au watano, waendesha boda boda wakipumzika na muuza mahindi wa hapo kando.

"Fundi yuko wapi?" Baba Brayo aliuliza.

"Ni mimi leo."

"Wewe utajaza hewa. Hii inataka mwanaume."

"Muache apake mafuta," mmoja wa vijana alisema. "Si hiyo ndiyo kazi ya madam? Mafuta kwa gurudumu, mafuta kwa uso." Wengine wakacheka, na muuza mahindi akageuza uso ili asionekane akicheka.

Nilikuwa msichana wa kuongea kwa kutazama chini. Mteja akiniuliza swali, nilimwangalia Mzee ili ajibu. Mwaka mzima nilikuwa nimetengeneza baiskeli, na shukrani zote zilimwendea yeye, na sikuwahi kulalamika; nilidhani sijali. Siku hiyo nilijua kwamba najali. Na nilijua pia kitu kingine, na ni hapa ambapo kalamu yangu husimama kila mara. Nilijua sauti ile ni ya nani. Nilijua ni Alhamisi. Ningeweza kuijaza grisi kama yule fundi wa kwanza, ikanyamaza siku mbili, nikamwonya Mama Brayo, na ikarudi yenyewe. Ningeweza kusema imenishinda. Nilikuwa na aibu ya kila kitu, lakini ya kushindwa mbele ya wale vijana sikuiweza. Nikajiambia nitamaliza haraka, saa kumi nitakuwa kwa Mama Brayo kabla ya mumewe, nitamwambia mwenyewe. Nikachukua chaki.

Mzee alikuwa na utaratibu, na niliufuata. Kwanza nilimwambia Baba Brayo aendeshe kisha aache kukanyaga pedali. Baiskeli ikaserereka na bado ikalia. Kwa hiyo si cheni wala pedali. Pili nilihesabu. Gololi zikiharibika hukoroma mfululizo, kama mtu mwenye mafua. Hii ililia mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo ubaya ulikuwa mahali pamoja kwenye gurudumu. Nikalizungusha gurudumu likiwa hewani, likawa kimya kabisa, na vijana wakapiga makofi ya dhihaka: "Imepona! Halleluya!" Lakini hapo ndipo wale mafundi watatu walipokosea. Waliisikiliza baiskeli ikiwa haina mzigo. Nikapakia mitungi miwili ya maji juu ya sanduku la nyuma, nikamwambia mmoja wa wale wacheshi aisukume polepole, nami nikatembea nimeinama kando yake, na kila ilipolia nilipiga chaki kwenye tairi, pale lilipogusa ardhi. Mzunguko wa kwanza, chaki. Wa pili, chaki karibu na ile ya kwanza. Wa tano, alama zote tano zilikuwa zimekaa pamoja katika upana wa kiganja. Hapakuwa na mtu aliyekuwa anacheka tena.

Juu ya alama hizo spoku mbili, zile nyaya nyembamba za gurudumu, zilipishana. Niliminya mbili mbili kuzunguka gurudumu lote, na zote zilikuwa kimya. Nilipominya hizo mbili, zikasema kwii. Nikafuta tope kwa kitambaa. Moja ilikuwa nene kuliko zote. Mtu alikuwa ameweka spoku ya pikipiki, akaikata iingie. Kila mzigo ulipolikandamiza gurudumu, ile nene ilisugua ile nyembamba, na pale zilipokutana zilikuwa zimelana mpaka zikachimbana kijishimo. Nikaitoa, na ile iliyoliwa pia, nikaweka mbili mpya za kufanana. Kisha nikazikaza nikizidonoa kwa ukucha, kama Mzee alivyonifundisha, kama mtu anayepatanisha nyuzi za nyatiti, mpaka zikatoa sauti moja na jirani zake. Baba Brayo akapanda, sanduku na yote, akaenda mpaka kwa muuza makaa akarudi. Hakukusikika kitu isipokuwa mchanga chini ya tairi.

"Huyu msichana!" alisema. "Jameni, huyu msichana!" Alitununulia sote soda, na yangu akaifungua kwa meno mbele ya watu wote. Kisha kijana yule wa mafuta kwa uso akasema, "Madam, hebu tuelezee tena, hiyo chaki ulifanyaje?" Nikaeleza. Muuza mahindi akasogea akasema hakusikia mwanzo. Nikaeleza kutoka mwanzo. Walikuwa wakiniangalia mdomo, watu wazima, na maneno yalikuwa yanatoka tu, wala sikuwa natazama chini. Sijui Baba Brayo aliondoka saa ngapi. Ninachokumbuka ni chupa mkononi mwangu ikiwa imefika nusu, na mtu akiuliza ni saa ngapi, na mwingine akijibu ni saa kumi na nusu.

Nilikimbia. Kwenye kona ya choo nilisimama, kwa sababu ploti yote ilikuwa kimya, hata watoto. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta. Pazia la Mama Brayo lilikuwa limefunguliwa fundo na mlango umefungwa. Moshi uliotoka chini ya mlango ulikuwa wa karatasi. Yeyote aliyewahi kuwasha jiko anaijua harufu hiyo. Nikasikia sauti ya chini ya Baba Brayo: "Nani anakuandikia hizi?" Akarudia: "Nimekuuliza, mkono wa nani huu?" Kisha nikasikia pigo, na kitu kidogo kikivunjika sakafuni, nadhani miwani, na pigo lingine. Mama Brayo hakunitaja. Nilikuwa nje ya mlango, mkono nimeuinua kubisha. Ningebisha, nikasema ni mimi, mkono ni wangu. Mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa akiwahutubia wanaume kuhusu spoku angeweza kusema maneno mawili. Niliushusha mkono, nikaingia kwangu kwa ncha za vidole, nikakaa kitandani. Kupitia bati nilisikia githeri ikiungua, na hakuna aliyeiondoa motoni.

Asubuhi Mama Brayo aliniona bombani, jicho moja limefumba. Akanong'ona, "Aliibeba, Achi. Sikuisikia kabisa. Lazima aliibeba." Nilimwambia pole. Nilikuwa na mtungi mkononi, nikauangalia ukijaa. Zamu yake ilipofika hakwenda jumuiya. Mwingine alisoma lile somo. Kabla mwezi haujaisha walihamia Kibera. Mimi nilibaki na sifa. Waendesha boda boda walieneza habari, na watu wakaanza kuleta baiskeli kutoka Dagoretti, hata kutoka Kibera kwenyewe, wakiuliza yule msichana wa chaki yuko wapi. Mzee Ouma alijivuna. "Nyara," aliniita, kama mtu anavyomwita binti yake, "mimi nasikia kwa masikio, wewe unasikia kwa akili." Kila mtu aliponisifu nilisikia harufu ya karatasi. Sikumwambia Mzee. Jina linalonipatia chakula hadi leo nilianza kulijenga siku ile, kwa kumnyamazisha mbwa wa mwanamke mwingine.

Haya yote niliyaandika usiku ule wa Ijumaa niliporudi kutoka Kibera, na ukweli wa kwa nini niliweza kuyaandika si mzuri: nilijua Mama Brayo hataweza kuyasoma. Alikuwa amewaambia wale akina mama, huku akikata mboga, kwamba hakurudia tena kitabu, kwamba Baba Brayo alishaenda kuishi na mwingine, na sasa anayemsomea karatasi za hospitali ni Brayo. Niliona daftari ni mahali salama pa kuweka jambo hili. Asubuhi niliandika upya ule ukurasa mmoja wa Mzee, kwenye karatasi ya kando, bila mfano wowote, na ulisomwa, na watu wakasema umetulia.

Baada ya ibada, gari lilipoondoka, tulibaki kuosha sufuria. Mama Brayo alikaa kando yangu akalikuta daftari kwenye mkoba wangu alipokuwa akitafuta kitambaa cha kujipangusa. Alilifungua, akalisogeza mbali na uso, akalisogeza karibu.

"Umeandika mengi hivi ya Mzee?"

"Si yote ya Mzee."

"Ya nani?" Aliliweka mapajani mwangu. "Nisomee. Nimesahau miwani." Akacheka mwenyewe, kisha akasema, "Siku hizi ni kweli, Achi. Macho yamekwisha. Mungu ana mchezo."

Ningesema ni mambo ya kazi. Ningesema gari langu linaniacha. Nilifungua kurasa mahali panapoanza Kongo na ile ploti, nikasoma, na kwa sababu nasoma polepole pia, niliweka kidole chini ya neno. Alicheka kwenye omena. Alinipiga bega kwenye miwani. Nilipofika kwenye kona ya choo nikasoma kwii-cha, kwii-cha, alifumba macho, akatingisha kichwa kama mtu aliyesikia jina la marehemu. "Hiyo yenyewe," akasema. "Umeipata kabisa. Endelea." Nikaendelea na wale mafundi watatu, na Alhamisi, na vijana wakicheka. Akaacha kutabasamu, akasogea kunisikia vizuri, mkono wake wenye sabuni juu ya goti langu. Nikaweka kidole chini ya mstari uliofuata, ule unaosema kwamba nilijua sauti ile ni ya nani.